Kujihami kwa Mwanamke Mweusi: Shauri kwa Wanaotaka Kuanzisha Darasa Mtaani

Mwanzoni mwa mwaka 1979, katika mitaa ya Roxbury na Dorchester mjini Boston, nchini Marekani, maiti za wanawake weusi zilianza kuokotwa, leo moja na kesho nyingine, hata ulipokwisha mwezi wa Mei walikuwa wamekwisha kuuawa wanawake weusi 12 na mzungu mmoja, wote katika eneo dogo ambalo mtu aweza kulimaliza kwa miguu kabla ya adhuhuri. Habari za vifo vya mwanzo zilitiwa katika kurasa za ndani za magazeti, mistari michache tu. Yakafanywa maandamano na hotuba, na miongoni mwa waliosimama kunena wakatokea wanaume, wenye nia njema bila shaka, waliowausia wanawake wakae majumbani, na anayelazimika kutoka atoke na mwanamume wa kumlinda. Nasaha hiyo haikuwa na faida kwa mwanamke ambaye riziki ya wanawe ilitegemea kazi ya usiku, wala haikumjibu aliyeuliza itakuwaje ikiwa mwenye kumdhuru ndiye huyo huyo anayetakiwa kumlinda. Kikundi cha wanawake weusi kilichoitwa Combahee River Collective, ambacho Barbara Smith alikuwa mmoja wa waasisi wake, kikaandika kijitabu kilichosema wazi kwamba marehemu wale waliuawa kwa kuwa ni weusi na kwa kuwa ni wanawake, mambo mawili kwa pamoja, na ndani yake wakatia mashauri ya kujikinga. Kichwa cha kijitabu kilitaja idadi ya waliouawa. Na kwa kuwa mauaji hayakukoma, ilibidi idadi ile ikatwe kwa kalamu na kuandikwa nyingine, na ya pili nayo ikatwe.

Naanzia hapo kwa sababu madarasa ya kujihami ya wanawake weusi, ambayo leo yapatikana katika miji mingi ya Marekani, ni watoto wa fikra ile kuliko kuwa watoto wa michezo ya karate na judo. Wanaotaka kuanzisha darasa la namna hiyo, wawe wenyeji wa nchi ile kwa vizazi na vizazi au dada zetu wa juzi waliofika Columbus, Minneapolis, Houston au Dayton kutoka Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania na Visiwani, wanahitaji kulifahamu jambo hilo kabla ya kukodi ukumbi na kutafuta mwalimu. Mtu mwenye inda akutanaye na mwanamke mweusi kituo cha basi usiku hamwulizi kama babu zake waliletwa kwa merikebu za watumwa au kama yeye mwenyewe alishuka kwa ndege mwaka jana. Amwona rangi na amwona mwanamke, basi. Kwa hiyo nawashauri dada zetu wanaosema Kiswahili wasijitenge na jirani zao weusi wa Marekani katika shughuli hii, kwani wale wana ujuzi wa zaidi ya karne moja uliopatikana kwa machozi, na ujuzi huo haupatikani kwetu.

Ujuzi wenyewe ni wa namna nyingi. Ida B. Wells, mwandishi wa habari wa Memphis, alijinunulia bastola mwaka 1892 baada ya rafiki yake kuuawa na kundi la wazungu, ila silaha iliyowaogopesha maadui zake zaidi ilikuwa kalamu, na gazeti lake ndilo walilolivunja. Rosa Parks, ambaye ulimwengu wamjua kwa kukataa kuondoka kwenye kiti cha basi mwaka 1955, alikuwa miaka 11 kabla ya hapo amekwisha kutumwa Abbeville, Alabama, kuchunguza kisa cha Recy Taylor, mwanamke mweusi aliyetekwa na wanaume wazungu akitoka kanisani na kunajisiwa, na akasaidia kuunda kamati ya kumdai haki. Kule Brooklyn, mwaka 1974, wanawake walianzisha shule ya kujihami ambayo bado iko mpaka leo kwa jina la Center for Anti-Violence Education. Nayataja haya kwa haraka, maana kila moja lastahili makala yake.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe, na la kwanza ni kumjua adui. Mtu akitajiwa kujihami, fikra yake aghalabu huenda kwenye kichochoro cha giza na mwanamume mgeni aliyejificha nyuma ya gari. Hatari hiyo ipo, na Boston yatosha kuwa ushahidi. Lakini uchunguzi uliofanywa na idara ya afya ya serikali ya Marekani mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila wanawake weusi 10, zaidi ya 4 wamepata kupigwa, kunajisiwa au kuandamwa na mume au mpenzi katika maisha yao. Na hesabu za mauaji zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba mwanamke mweusi huuawa na mwanamume kwa kadiri inayozidi maradufu ile ya mwanamke mzungu, na kwamba walio wengi kabisa miongoni mwa wauaji hao ni watu waliojulikana na marehemu. Ni mume, mwenzi wa zamani, binamu, jirani, bwana wa kazi, au yule rafiki wa familia ambaye kila Jumapili hukaribishwa chakula. Basi mwalimu akikuambia kwamba saa zake zote ni za kumfundisha mwanamke kumpiga mgeni, mshukuru kwa adabu kisha umtafute mwingine. Muulize swali hili moja kabla ya kumwuliza ada yake: katika masaa yako, ni mangapi yanamhusu mtu nimjuaye?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa wanawake waliolelewa katika adabu ya pwani na bara yetu. Sisi tumefunzwa staha. Msichana amefunzwa asimkunjie mkubwa uso, asipaze sauti mbele za watu, asitoe siri ya nyumba nje, na akiguswa na shemeji kwa mzaha acheke naye ili mambo yasiwe makubwa. Sina nia ya kuitukana staha. Ni murua wetu, na jamii isiyokuwa nayo ni jamii ya fujo. Ila mdhalimu naye aijua staha hiyo, na huitumia kama ufunguo. Huanza kwa neno, akaona limepita. Akaweka mkono begani, akaona umekaa. Akamfuata msichana jikoni wakati wageni wako sebuleni, kwa kuwa amekwisha kupima na kujua kwamba atanyamaza kwa kuchelea fedheha. Darasa zuri humkatia njia pale pale kwenye neno la kwanza, na hapo ndipo napenda kukaa kidogo, kwa sababu wengi hudhani kazi hii ni nyepesi ilhali ndiyo nzito kuliko zote.

Zoezi lenyewe ni hili. Wanawake wawili husimama wakitazamana, hatua kumi hivi kati yao. Mmoja humwendea mwenzake polepole, na aliyesimama hutakiwa kumsimamisha kwa sauti na kwa kiganja kilichonyoshwa mbele, pale anapoona nafsi yake imeanza kukosa raha. Mara ya kwanza karibu kila mtu hucheka. Mara ya pili husema "samahani, naomba usimame," na sauti humalizikia kooni. Mwalimu mwenye hikima hamkemei, humwuliza tu, "Samahani ya nini? Umemkosea nini?" kisha humrudisha mahali pake. Ikiisha saa nzima, yule aliyeanza kwa kucheka huwa amekwisha kupanda miguu yake sakafuni, mabega yamelegea, macho yanamtazama mwenziwe usoni, naye anasema maneno matatu yasiyo na samahani wala maelezo: "Simama. Ondoka. Sitaki." Kisha huja sehemu ya mtu mjuaye, na hapa maneno hubadilika: "Shemeji, toa mkono wako begani kwangu." Akijibu kwamba ni utani tu, hajibiwi kwa hoja, kwani hoja humpa nafasi ya kuendelea, huambiwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile, mara ya pili, na mara ya tatu kwa sauti ya kusikika sebuleni. Kuita kitendo kwa jina lake mbele za watu ni silaha ambayo bibi zetu walikuwa nayo katika ngoma na katika kanga zao, wakaitumia kwa ustadi mkubwa, nasi tumeiacha ikashika kutu.

Jambo moja dogo la kukumbukwa kwa wageni: mazoezi ya sauti yafanywe kwa lugha mbili. Mtu akishtuka hupiga kelele kwa lugha ya mama yake, lakini wapita njia wa Houston hawaijui. Kwa hiyo maneno machache ya Kiingereza ya kumtaja mshambuliaji, kumwamuru aondoke na kuomba polisi au msaada yafundishwe mpaka yatoke yenyewe, hata kwa bibi ambaye hajui Kiingereza kingine chochote.

Katika mafunzo ya mwili, machache yaliyorudiwa mara nyingi yana faida kuliko mengi yaliyoonyeshwa mara moja. Mwanamke hahitaji kujua mateke ya kurukia hewani. Ahitaji kujua kwamba mkono ulioshikwa kwenye kifundo hutoka kwa kuzungushwa kuelekea upande wa dole gumba la aliyeshika, mahali vidole vyake visipokutana, na kwamba hutoka upesi zaidi akivuta kwa mwili wake wote pamoja na kiwiko badala ya kuvuta kwa mkono pekee. Ahitaji kujua kupiga pua kwa kitako cha kiganja, maana ngumi ya asiyezoea huvunja vidole vyake mwenyewe. Na kutumia kiwiko akiwa amebanwa, na goti kwenye kinena, na kisigino juu ya ugoko na unyayo. Ahitaji zaidi ya yote kuzoea kupigana akiwa amelala chini, kwa kuwa shambulio la kunajisi aghalabu huishia chini, na miguu ya mwanamke aliyelala chali ina nguvu kuliko mikono yake. Lipo tapo la walimu, tangu miaka ya 1970, ambao hutumia mwanamume aliyevaa mavazi mazito ya kujikinga kichwani na mwilini, ili mwanafunzi apige kwa nguvu zake zote pasipo kumwumiza. Njia hiyo ina gharama, lakini faida yake ni kwamba mwili hujifunza kwa kufanya, na mara nyingine ndiyo mara ya kwanza katika maisha ya mwanamke kupiga kitu kwa nguvu na asiadhibiwe.

Yapo pia mambo yanayomhusu mwanamke mweusi na mwanamke Mwislamu ambayo vitabu vya jumla huyapita. Misuko mirefu hushikwa. Basi afundishwe kuubana mkono wa mshikaji juu ya kichwa chake kwa mikono yake miwili, ili maumivu ya kuvutwa yapungue, kisha amgeukie na kumpiga, badala ya kuvutana naye. Mtandio na hijabu hunyakuliwa kwa nyuma, na kule New York, Rana Abdelhamid, mwenye mkanda mweusi wa karate ambaye mwenyewe alishambuliwa angali msichana kwa sababu ya hijabu yake, aliwafungulia wanawake Waislamu mafunzo yanayoshughulikia jambo hilo hasa. Mwanamke mnene, mwenye mimba, mwenye umri wa miaka sabini, anayetembea kwa gongo, kila mmoja apewe njia inayolingana na mwili wake; na mwalimu asemaye kwamba hawa hawafundishiki hajui kazi yake. Mtaani Korogocho, Nairobi, kina shosho, yaani bibi wenye mvi, wamekuwa wakikutana kufanya mazoezi ya kupiga na kupiga ukelele, kwa sababu huko kulikuwa na wahalifu waliowaandama wazee kwa imani potovu kwamba wangepona ugonjwa kwa kuwanajisi.

Je, mafunzo haya yana matunda, au ni faraja ya moyo tu? Swali ni la haki, na lina majibu. Katika mwaka 2015 ulichapwa utafiti wa Charlene Senn na wenzake uliofanywa katika vyuo vikuu vitatu vya Kanada, ambamo wasichana karibu 900 waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa mafunzo ya saa 12 na nusu wakapewa vijitabu tu. Baada ya mwaka mmoja, walionajisiwa katika kundi la vijitabu walikuwa karibu 10 katika kila 100, na katika kundi la mafunzo walikuwa kiasi cha 5. Miaka miwili kabla yake ulikuwa umechapwa utafiti wa wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, nao walifunzwa saa 12 katika muda wa majuma sita. Kabla ya mafunzo, wasichana kama 25 katika kila 100 walikuwa wamepatwa na shambulio la kunajisi katika mwaka uliotangulia. Baada ya miezi kumi, hesabu ilishuka ikawa kiasi cha 9, na zaidi ya nusu ya waliofunzwa walisema wameutumia ujuzi wao kumzuia mtu. Napenda wasomaji wauangalie utafiti huu wa pili kwa jicho la fahari: mbinu zilitoka Marekani, zikajaribiwa na wasichana weusi wa Nairobi, na matokeo yakarudi ng'ambo kuwafundisha wenyewe walioanza. Kadhalika katika tafiti zote mbili saa zilikuwa 12, wala hazikuwa saa mbili za Jumamosi moja baada ya chakula. Darasa la siku moja ni zuri kama mlango wa kuingilia, lakini anayeliuza kama tiba kamili ni mwongo.

Kuhusu mwalimu, mkanda mweusi ni heshima wala si dhamana. Wako mabingwa wa mashindano wasioweza kumsikiliza mwanamke anayelia. Mtafuteni mwanamke mweusi mwenye elimu ya kujihami kwanza. Akikosekana, mtafuteni aliye tayari kufundisha pamoja na mmoja wenu na kumwachia nafasi yake baadaye. Mkimbieni anayeshika miili ya wanafunzi bila ya kuomba ruhusa, anayemwuliza aliyenajisiwa alikuwa amevaa nini, anayesema "ukifanya hivi huwezi kudhurika kamwe," na anayekuja na sanduku la vitu vya kuuza. Taksiri ya shambulio ni ya mshambuliaji peke yake. Aliyegandishwa na hofu asiweze kuinua hata kidole hakufanya kosa lolote, maana kuganda ni hila ya mwili ya kuokoa uhai, na jambo hilo lisemwe siku ya kwanza, kwa sauti, mbele ya wote.

Lisemwe kwa sababu katika kila chumba cha wanawake ishirini watakuwamo kadhaa waliokwisha kudhurika, na miongoni mwa dada zetu wa Kongo ya mashariki huenda wakawa wengi, nao hawatasema. Mmoja atatoka nje akitetemeka wakati wa zoezi la kukabwa. Awepo mtu wa kutoka naye, asiyemwuliza kitu. Kila mshiriki awe na ruhusa ya kukaa pembeni na kutazama, siku moja au siku zote, na asidaiwe sababu. Wengine hujifunza kwa macho mwezi mzima kabla ya kusimama.

Mahali pa kukutania pawe karibu na basi na penye taa, kwani ni dhihaka kumfundisha mtu kujihami kisha kumwacha asubiri nusu saa gizani. Chumba cha chini cha kanisa, ukumbi wa msikiti, maktaba ya mtaa, vyote vyafaa. Watoto wapate mlezi katika chumba cha pili, la sivyo wenye haja kubwa zaidi hawatakuja. Ada iwe kwa kadiri ya uwezo, na asiyekuwa nacho aingie bure bila ya jina lake kuandikwa pembeni. Wenye ukumbi watadai bima na hati ya kila mshiriki ya kukubali hatari ya mazoezi. Yafanyeni hayo mapema, kwani mimi najua vikundi vyema vilivyovunjika kwa karatasi mbili tatu zilizosahauliwa.

Suala la silaha lazua ubishi kila linapotajwa. Dawa ya pilipili ya kupuliza yaruhusiwa Marekani, lakini kila jimbo lina masharti yake ya umri, ukubwa wa kopo na mahali pa kununulia. Na anayesafiri kwenda Uingereza akumbuke kwamba huko huhesabiwa kuwa silaha iliyopigwa marufuku. Kopo lililo chini ya mkoba, chini ya funguo na pakiti ya tishu, halimsaidii mtu. Kuhusu bunduki, wanawake weusi wamezidi kuzinunua katika miaka ya karibuni, na chama cha wenye bunduki weusi kilichoanzishwa Atlanta mwaka 2015 kina wanachama wanawake wengi. Siwalaumu, historia yao yawapa sababu. Lakini rai yangu ni kwamba bunduki haifai katika nyumba ambayo mwenye kutisha analala humo humo, kwani utafiti wa mauaji ya wake na wapenzi umeonyesha kwamba mwanamume mpigaji akiwa na njia ya kuipata bunduki, hatari ya mwanamke kuuawa huongezeka kiasi cha mara tano.

Na hapo ndipo tunafika kwenye sehemu ambayo madarasa mengi huiruka, ilhali kwa mwanamke mweusi haina budi: namna ya kujihami baada ya kujihami. Mwaka 1974, katika jela ya wilaya ya Beaufort, North Carolina, Joan Little alimwua mlinzi aliyeingia katika chumba chake kumnajisi, akakimbia, akajisalimisha, akashtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Ilihitaji kampeni ya nchi nzima na mawakili hodari hata baraza la raia waliosikiliza kesi likamwachia huru mwezi wa Agosti 1975. Mwaka 2010 huko Jacksonville, Florida, Marissa Alexander alipiga risasi moja ya kuonya mbele ya mume aliyekuwa akimtisha. Hakuumia mtu yeyote, na jimbo lile lilikuwa na sheria mashuhuri inayomruhusu mtu kusimama mahali pake bila kurudi nyuma. Baraza la mahakama lilitumia dakika 12 tu kumtia hatiani, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Hukumu ilitenguliwa mwaka 2013, lakini hakuwa huru kabisa mpaka amekwisha kutumikia miaka mitatu jela na miwili ya kuzuiliwa nyumbani. Sheria iliyoandikwa kwa wote haimwangalii kila mtu kwa jicho moja.

Basi mwiteni wakili wa msaada wa kisheria kwa jioni moja, aeleze sheria ya jimbo lenu. Aghalabu atasema kwamba nguvu iwe ya kukabili hatari ya papo hapo, ilingane nayo, na ikome hatari inapokoma; kwamba pigo la mwisho kwa mtu aliyekwisha kuanguka laweza kumgeuza aliyedhulumiwa kuwa mshtakiwa; na kwamba majimbo mengine, kama New York, humtaka mtu aondoke kwanza kama aweza kuondoka kwa usalama, isipokuwa akiwa nyumbani kwake. Aliyejihami apige simu 911 yeye mwenyewe, upesi, ataje mahali alipo kabla ya kingine chochote, kisha aseme ameshambuliwa na anataka daktari. Polisi wakifika, mikono yake ionekane mitupu. Jina lake na kwamba ameshambuliwa vyatosha. Kisa kirefu kingoje wakili, na aseme kwa maneno ya wazi kwamba anatumia haki yake ya kunyamaza na anamtaka wakili, kwa kuwa tangu mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani imeamua kwamba kukaa kimya tu hakutoshi kuidai haki hiyo. Asiyejua Kiingereza aombe mkalimani wa Kiswahili, wala asikubali kutafsiriwa na mtoto wake, sembuse na mume huyo huyo.

Wako wanaonyamaza kwa sababu ya karatasi za ukaazi. Mume humwambia mkewe, "Ukiita polisi utarudishwa kwenu." Wengi hawajui kwamba sheria ya mwaka 1994 humwezesha mke anayedhulumiwa na raia au mkaazi wa kudumu kuomba kibali chake mwenyewe pasipo mume kujua, na kwamba sheria ya mwaka 2000 ilianzisha viza ya waliodhurika na uhalifu wanaosaidia upelelezi, ijapokuwa hutolewa 10,000 tu kwa mwaka na foleni yake ni ndefu. Namba ya simu ya taifa ya msaada kwa wanaopigwa majumbani, 1-800-799-7233, hupokea kwa saa zote, na wana wakalimani. Kila mshiriki aiweke kichwani, maana simu yake yaweza kuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Na neno moja la afya: mwanamke aliyekabwa koo aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama shingo haina alama, kwa kuwa madhara yake yaweza kujitokeza baada ya masaa au siku. Mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake, kwa utafiti wa mwaka 2008, yuko katika hatari ya kuuawa naye inayozidi mara saba. Mwanamke huyu darasa lisimwambie arudi nyumbani akapigane. Limsaidie kupanga siku ya kuondoka, nguo na hati zikiwa kwa jirani, watoto wakijua wapi pa kukimbilia, na asiage, kwani wakati wa kuondoka ndio mwanamume wa namna hii huwa mkali kuliko wakati wowote.

Yakiisha masaa kumi na mawili, msiagane kwa vyeti na picha kisha kila mtu akaenda zake. Wale wasichana wa Nairobi waliitwa tena kwa saa mbili mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi, nami nawashauri mfuate kalenda hiyo. Siku hizo zisiwe za mwalimu peke yake: kila mara wawili miongoni mwenu waongoze zoezi moja, lile la sauti likiwa la kwanza, mpaka mwaka wa pili mpate wenyewe watatu au wanne wa kulifungua darasa jipya katika mtaa wa pili, na yule mwalimu wa kutoka nje alipwe ahsante yake na kuitwa mara moja moja tu kutazama kama mnakosea.